Hesabu ya Jua la Chini

Mke wangu hajui kukaa. Chai anakunywa amesimama, barua anasoma akitembea, na tulipooana mama yangu alinivuta kando akaniuliza kama nimeoa mtu au nimeoa upepo. Melini walimwita Mama Pembe, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima pembe kati ya jua na ukingo wa bahari, au kati ya nyota na ukingo wa bahari, kisha kuwaambia watu wazima wenye ndevu zao mahali walipo duniani.

Mimi nilikuwa mpishi wa meli hiyohiyo. Watu walitucheka: mke yuko juu kwenye chumba cha usukani na alama za cheo mabegani, mume yuko chini anamenya vitunguu. Nilicheka nao, maana anayecheka na wenzake hachekwi peke yake. Kilichonikera ni kwamba kapteni alikuwa mjomba wa mke wangu, ndugu wa mama yake, yaani mkwe wangu. Nchi kavu mtu unaweza kumkwepa mkwe. Baharini utamkwepea wapi? Nilimpikia asubuhi, mchana na jioni, na kila alipoinua kijiko nilijihisi niko tena kwenye kikao cha kupeleka posa.

Ilikuwa miaka ile ambayo meli kama yetu haikuwa na mtambo wa kuuliza "tuko wapi?" ukakujibu. Tulikuwa na dira, saa, ramani, na kile chombo cha vioo na tao la shaba kinachoitwa sekstanti, ambacho mke wangu alikifuta kila siku kwa kitambaa alichonikataza hata kukigusa. Tulibeba saruji. Tangu tulipoondoka bandarini mawingu yalikuwa yamefunga mbingu kama kifuniko cha sufuria. Siku baada ya siku hapakuwa na jua la kupima, usiku hapakuwa na nyota. Kapteni akawa anakwenda kwa kukisia: tumetembea kwa kasi hii, tukielekea huku, kwa muda huu, basi tuko hapa. Anaweka alama ya penseli juu ya ramani, anaitazama, anapiga kwikwi ya kiungulia, anateremka kulala.

Kukisia si dhambi kama bahari mbele yako ni tupu. Mbele yetu haikuwa tupu. Upande wa kulia wa njia yetu, kabla ya kufika bandari tuliyokuwa tunaiendea, kulikuwa na mwamba mrefu uliojificha chini kidogo ya maji, usio na mnara wala taa. Ulipanda ghafla kutoka kilindini, kwa hiyo hata kupima kina kusingekuonya mapema. Ungepima, ungeambiwa kina kirefu, na dakika chache baadaye ungekuwa umeupanda. Ilitupasa kuupita kwa kushoto, kwa nafasi ya kutosha.

Hapo ndipo Grisi alipougua.

Grisi alikuwa fundi mkuu wa mitambo, mtu wa makamo, mnene, mtani wangu mkubwa, aliyeapa kwamba supu yangu ingeweza kulainisha injini. Jioni moja aliacha chakula. Nikamwambia, "Leo umeniheshimu, umekula nusu." Hakujibu utani, na nikajua mambo si mazuri. Kufikia asubuhi iliyofuata alikuwa amejikunja kitandani, mkono umeshika tumbo chini upande wa kulia, jasho linamtoka. Kapteni alisoma kitabu cha tiba cha melini, akamgusa tumbo, Grisi akapiga ukelele ambao sitausahau. Kapteni akafunga kitabu.

"Ni kidole tumbo," akaniambia nje ya mlango. "Kikipasuka kabla hatujafika, tutakuwa tumebeba maiti. Mpe maji kidogokidogo, usimpe chakula. Na usimwambie."

"Nisimwambie nini, mzee? Yeye ndiye mwenye tumbo."

Alinitazama kwa jicho la mkwe. Nikaenda kuchota maji.

Basi tukaenda kwa kasi yote ambayo injini ingeweza kutoa, na kila mtu melini akawa na roho juu. Watu walikula wamesimama kama mke wangu. Mshika usukani, kijana mtulivu kwa kawaida, alianza kung'ata kucha. Na mke wangu mwenyewe hakuweza kabisa kutulia. Alikuwa akitoka chumba cha ramani, anatazama juu, anarudi ndani, anatoka tena. "Nipeni jua," alikuwa akisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Hata kipande."

Nieleze kidogo kuhusu jua, maana bila hilo habari hii haitaeleweka. Mwanzoni mwa ndoa yetu, jioni moja tulipokuwa sitahani, alinionyesha jua likigusa maji akaniambia, "Lile halipo pale. Limeshazama." Nikamwuliza kama ameanza kuumwa. Akaniambia mwanga haupiti hewani moja kwa moja. Hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, na mwanga ukiingia kwenye hewa nzito unapinda, unainama kuifuata dunia, kwa hiyo jicho linadanganyika na kuliona jua juu zaidi ya lilipo. Likiwa utosini, haupindi. Kadiri linavyoshuka, ndivyo unavyopinda zaidi.

"Kwa hiyo tunamtazama marehemu," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikajisifu kwa wiki nzima.

Kazi yake, basi, ilikuwa kupima jua kisha kuondoa uongo huo. Kulikuwa na jedwali la kila urefu wa jua. Lakini jedwali liliandikwa kwa hewa ya kawaida. Siku ya joto hewa ni nyepesi, mwanga unapinda kidogo. Siku ya baridi unapinda zaidi. Ndiyo maana alisoma kipimajoto na kipimo cha uzito wa hewa kabla ya kushika penseli. Halafu aliondoa kosa la kimo cha jicho, kwa kuwa aliyesimama juu ya meli anauona ukingo wa bahari chini kidogo kuliko aliye sawa na maji. Yote hayo aliyahesabu kwa dakika, na dakika hizo si za saa. Ni vipande vya digrii. Ukikosea dakika moja kule angani, huku chini umekosea maili moja. Nilipoelewa hilo nilianza kumwonea huruma, maana mimi nikikosea chumvi watu wanakunja nyuso tu.

Alfajiri iliyofuata, siku moja baada ya Grisi kulala kitandani, upepo ulibadilika. Ulitoka nchi kavu ya mbali, kulia kwetu, upepo wa moto na mkavu wenye harufu ya vumbi, ilhali maji pale yalikuwa ya baridi. Tulikuwa tumeingia kwenye mkondo wa baridi tangu jana yake, na nilijua kwa sababu bomba la maji ya kuoshea vyombo lilikuwa likinigandisha vidole. Mawingu yaliachana kidogo na bahari upande wa mashariki, upenyo mwembamba, na jua likachomoza ndani yake. Nilikuwa nimewapelekea chai juu. Mke wangu hakuigusa. Alikuwa tayari nje ubavuni, miguu ameitanua, sekstanti jichoni, anamfokea mshika usukani asome saa.

"Sasa! Umesoma? Tena... sasa!"

Kapteni alisimama nyuma yake amevaa koti juu ya nguo za kulalia. "Jua la chini hivyo," akasema. "Mimi nilifundishwa jua la chini usiliulize njia."

"Ndilo tulilo nalo, Kapteni." Kazini hakumwita mjomba.

Jua likapanda, likaingia wingu, likapotea. Mke wangu akaingia chumba cha ramani akahesabu. Akahesabu tena. Aliporudi uso wake ulikuwa umechangamka. "Mkondo umetusukuma kushoto," akasema. "Tuko magharibi ya alama yako, mbali kabisa, maili saba nane. Mwamba uko mbali nasi sana. Tukiendelea hivi tutapita mbali na bandari bure. Tukate kulia sasa, tutafika mapema."

Kapteni aliitazama ramani. Ile "mapema" ilikaa hewani. Sote tulikuwa tunamsikia Grisi, ingawa kutoka pale juu hakusikika.

"Umeondoa mpindo wa mwanga?"

"Nimeuondoa. Na joto, na uzito wa hewa. Nimerudia mara mbili."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Kapteni alifuata mstari kwa mstari, kidole chake kikubwa kikitembea chini ya tarakimu, na hakupata kosa. Nataka jambo hili lieleweke: hapakuwa na kosa. Hata leo ukimpa mtaalamu karatasi ile ataipigia tiki. Kapteni akashusha pumzi. "Haya. Kulia."

Meli ikakata kulia, na nakuambia, ilikuwa kana kwamba mtu amefungua dirisha. Mshika usukani alitabasamu. Mimi niliteremka ngazi nikiimba, nikaenda kumwambia Grisi kwamba Mama Pembe amempatia njia ya mkato.

"Mwambie," akasema, macho amefumba, "nitamnunulia kiti. Akae."

Nilirudi jikoni kuwatengenezea watu mkate. Jiko letu lilikuwa na dirisha dogo la duara upande wa kulia, na mimi napenda kutazama nje nikikanda unga. Mbali sana niliona meli. Ilikuwa ndogo kama mdudu, na ilikuwa imesimama kichwa chini. Nilifuta mikono, nikafuta kioo. Meli ile ilikuwa angani juu ya bahari, bomba lake la moshi limeelekea majini, na juu yake mstari wa maji kama dari. Nikasema: ndiyo, umeshachoka, wewe. Hukulala kwa ajili ya mgonjwa, sasa unaota umesimama.

Nilimpelekea mke wangu mkate wa kwanza kutoka motoni. Alikuwa amemaliza zamu lakini hakuwa ameteremka kulala. Alikuwa anazunguka meza ya ramani. Nikataka kumchekesha.

"Mama Pembe, meli yetu imelogwa," nikamwambia. "Nimeona nyingine kule inatembea miguu juu kichwa chini. Labda kapteni wao naye anapikiwa na mkwewe."

Hakucheka. "Umeona nini?"

"Natania."

"Umeona nini?"

Nikamwambia. Alitoka nje mbio, mkate mkononi, akasimama kwenye reli upande wa kulia. Nilimfuata. Ilikuwa bado ipo, ila sasa zilikuwa mbili: moja imesimama sawasawa, na nyingine juu yake imepinduka, zimegusana mabomba. Na chini yao ukingo wa bahari haukuwa mstari. Ulikuwa kama ukuta mdogo, umeinuka, unachezacheza, kama ule mlango wa stoo ninaouona kupitia hewa ya juu ya jiko likiwa limekolea moto.

Mkate ulimponyoka. Akarudi chumba cha ramani akafunga mlango, nami nikiwa ndani kwa bahati tu.

"Nini?" nikauliza.

"Hewa ya moto juu ya maji baridi." Alikuwa akisema haraka, akisaka karatasi ambayo ilikuwa mbele yake. "Hewa imejipanga matabaka. Mwanga wa mbali, ule unaosafiri chini kabisa karibu na maji, unapinda kupita kiasi. Ndiyo maana meli ile imeonekana angani. Sasa kama meli imeinuliwa, ukingo wa bahari nao umeinuliwa. Unanielewa? Mimi nilipima jua kutoka kwenye ukingo. Nimesahihisha mpindo wa jua. Ukingo wenyewe sikuusahihisha, kwa sababu haupo kwenye jedwali lolote. Kitabu kinadhani ukingo uko mahali pake."

"Na haukuwa mahali pake."

"Ukiwa juu, jua linaonekana chini kuliko lilivyo. Na jua la asubuhi likiwa chini, maana yake uko mbali nalo zaidi. Uko magharibi." Akaweka kidole kwenye alama yake, kisha akakivuta kulia, polepole, mpaka karibu na ile misalaba midogo inayoonyesha mwamba. "Kumbe sivyo."

"Kwa hiyo tuko wapi?"

"Sijui."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango lakini hakukigeuza. Nilimwona akihesabu, na safari hii si kwa tarakimu. Mgonjwa kule chini. Mjomba wake aliyempa kazi wakati makapteni wengine walimwambia mwanamke melini ni mkosi. Wanaume waliotabasamu saa ile. Na labda, labda tu, ukingo uliinuka baada ya yeye kupima. Labda alfajiri ulikuwa mahali pake na hesabu ni sawa, na akienda kusema vinginevyo atakuwa amemchelewesha mtu kufika hospitali kwa sababu ya kiinimacho. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Akageuza kitasa.

Kapteni alikuwa kwenye kiti chake cha juu nyuma ya usukani. Akamwambia palepale mbele ya mshika usukani, bila kuzungukazunguka: "Kapteni, usifuate hesabu yangu. Ukingo umeinuka. Sijui tuko wapi, na upande niliotugeuzia ndio upande wa mwamba."

Kapteni akateremka kitini, akaenda nje, akazitazama zile meli mbili zilizobusiana. Aliporudi uso umemshuka.

"Saa ile ulisema umerudia mara mbili."

"Nilirudia. Hesabu ni sahihi. Hewa ndiyo si ile ya kitabuni."

"Una hakika kwamba umekosea?"

"Sina. Sina hakika ya chochote, ndiyo maana nimekuja."

Mshika usukani alikuwa akitazama mbele kwa nguvu zote kama mtu ambaye hayupo. Kapteni akauma meno. Nilidhani atafoka, alikuwa na sifa ya kufoka. Badala yake akasema kwa sauti ndogo, "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Geuza. Turudi tulikotoka, mstari uleule. Maji tuliyoyapita tunayajua."

"Turudi?" mshika usukani akaropoka.

"Umesikia."

Kumwambia mtu asimame ni jambo moja. Kumgeuza arudi nyuma, hospitali ikiwa mbele, ni jambo jingine. Mimi niliteremka kwa Grisi kabla sijatumwa, lakini alikuwa amekwishajua. Fundi mitambo hahitaji dirisha. Alilala ameegemeza shavu kwenye ukuta wa chuma akisikiliza injini zake.

"Tumegeuka," akasema. "Nusu duara nzima. Kwa nini tumegeuka?"

Nikamkumbuka Kapteni na ile "usimwambie" yake. Nikamtazama Grisi, midomo imebabuka, nikaona aibu kumdanganya. "Mama Pembe ana wasiwasi na mwamba. Tunarudi mpaka ajue tulipo."

Akatoa tusi moja zito, la kiume, ambalo siliandiki, na akaugeuzia ukuta uso wake. Sikujua kama amenitukana mimi, au mke wangu, au tumbo.

Asubuhi ile ilivyokwenda, mungu wangu! Nilipanda nikashuka ngazi zile mpaka magoti yakaniuma. Juu, mke wangu alikuwa akisubiri vitu viwili: mawingu yapasuke, na jua lipande vya kutosha. Alinieleza haraka bila kunitazama. Jua likipanda sana, unaweza kulipima kutoka ukingo wa mbele, kisha unageuka na kulipima kutoka ukingo wa nyuma, ukipitia juu ya utosi. Pembe hizo mbili ukizijumlisha, lazima zipate nusu duara na ziada kidogo inayojulikana, kwa ajili ya kimo cha jicho. Zikipungua, ukingo umeinuka, na upungufu wenyewe unakuambia umeinuka kiasi gani.

"Kwa hiyo huhitaji jedwali."

"Nahitaji jua!" Akapiga reli kwa kiganja.

Wingu lilikuwa likikonda, linaachia doa jeupe, linafunga tena. Alikuwa akiinua sekstanti, anashusha. Anainua, anashusha. Kapteni alitembea upande wa kushoto wa chumba, yeye upande wa kulia, wakakutana katikati na kupishana bila kusemezana, mjomba na mpwa, mwendo mmoja kabisa, mikono nyuma. Sikujua mpaka siku ile kwamba ule upepo wa mke wangu ni wa ukoo.

Grisi alianza kutetemeka. Nilimwekea kitambaa cha maji. Mara maumivu yake yakapungua ghafla, akaniambia, "Afadhali sasa," na mimi mjinga nikafurahi. Kapteni niliyempelekea habari hiyo njema alifumba macho. "Kimepasuka," akasema.

Na wakati uleule mshika usukani akapiga kelele, "Jua!"

Mke wangu alikuwa tayari nje. Alipima mbele. Akageuka, akainama nyuma karibu avunjike kiuno, akapima nyuma. Mbele tena. Nyuma tena. Kapteni mwenyewe alikuwa akimsomea saa. Wingu likafunga. Wote wawili wakakimbilia mezani, vichwa vikagongana, na hakuna aliyeomba radhi.

Jumla ilipungua. Ukingo ulikuwa umeinuka hata wakati ule, si kwa kiasi cha alfajiri, lakini bado. Akaondoa upungufu, akachora mstari. Ulipita karibu kabisa na alama ya penseli ya Kapteni, ile ya kukisia. Akachukua rula, akaurudisha nyuma mpaka alfajiri, kisha akachora njia aliyokuwa ametupa yeye. Ilikwenda ikaishia kwenye misalaba. Kapteni alinyoosha mkono, akamgusa begani mara moja kama mtu anayepima joto la chuma, akatoka kwenda kutoa amri.

Tuligeuka tena, tukaenda kwa kasi yote, tukaacha nafasi kubwa kulia kwetu. Mchana, upande ule, tuliona maji yakibadilika rangi, na mstari mweupe wa povu mahali pasipo na kitu chochote cha kupigwa na mawimbi. Ulikuwa mrefu. Mabaharia walitoka kuuangalia kimyakimya. Mshika usukani alisema, "Ningekuwa nimeshaupanda na kucha zangu zote," na hakuna aliyecheka.

Tulifika bandarini jua linazama. Gari la wagonjwa lilikuwa gatini. Kapteni alikuwa ameita kwa redio. Grisi alibebwa akiwa hajitambui.

Hakufa. Nasema mapema ili usikae roho juu kama tulivyokaa sisi. Walimpasua usiku uleule, wakamsafisha tumbo, na kwa siku kadhaa ilikuwa kufa kupona. Meli ilikuwa inateremsha saruji, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kwenda kumwona. Mke wangu alikataa kwenda siku ya kwanza. Siku ya pili pia. Alibaki melini anafuta sekstanti iliyokwishafutwa.

Kapteni alimkuta hivyo, nami nikiwa nakusanya vikombe.

"Kukisia kwangu kulikuwa sawa," akamwambia.

"Ndiyo, Kapteni."

"Kwa bahati. Mkondo ungekuwa ule uliousema, mimi ndiye ningekuwa mjinga." Akakaa. Nje winchi za kuteremsha saruji zilikuwa zikilia. "Ukiona tena jua la chini, utapima?"

"Nitapima."

"Na utaniambia?"

"Nitakuambia namba. Na nitakuambia siiamini kiasi gani."

"Vizuri." Akainuka kwa kuegemea meza. "Nenda kamwone yule mtu, binti wa dada yangu. Hutaki kwenda kwa sababu unadhani atakutukana. Atakutukana. Nenda."

Tukaenda. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vya chuma vyeupe, mapazia yamefungwa mafundo. Grisi alikuwa amekonda uso, mirija miwili ikimtoka ubavuni. Alimtazama mke wangu, ambaye alisimama, bila shaka, ingawa kiti kilikuwepo.

"Nilikuwa nakufa," Grisi akasema, "na wewe ukaigeuza meli."

"Ndiyo, kaka."

"Ungeniuliza, ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza."

Akamtazama tena. "Waliniambia kuhusu povu." Akavuta pumzi kwa uangalifu. "Tungefika mapema sumu isingeenea hivi tumboni. Daktari amesema. Sitarudi kwenye injini, tumbo limeshonwashonwa kama gunia. Sikusamehi leo. Njoo wiki ijayo, huenda nikakusamehe."

"Wiki ijayo tutakuwa tumeondoka."

"Basi nitakusamehe ukirudi. Utajua mwenyewe pa kunipata, si ndiyo kazi yako?" Akacheka, kisha akashika mshono akapiga yowe, muuguzi akatufukuza.

Nje, barabara ilikuwa na watu wengi, maduka yamefunguliwa, jua kali. Nilimwambia tukae mahali tunywe kitu baridi, nina njaa na miguu inauma. Alikuwa ameshaanza kutembea. Nikamkimbilia.

"Usingekuja na ule mkate," akasema, "ningekuwa nimelala."

"Nilikuja kutania tu."

"Ndicho kinachoniuma. Kila kitu nilifanya sawa, na tuliokolewa na utani." Akavuka barabara bila kutazama, dereva akampigia honi, hakumjali. "Sitaki iwe hivyo tena. Safari ijayo dirisha lako la jikoni ukiona chochote, hata kama unaota, uniite. Hata nikiwa nimelala."

"Wewe hulali."

"Basi uniite nikiwa natembea," akasema, akaongeza mwendo, nami nikakaza wangu nyuma yake kuelekea bandarini.